Udongo wa Bariadi Katika Brashi ya Mchoraji

Mazungumzo yetu ya juma hili ni juu ya rangi. Nasema mapema kwamba si rangi za bendera za vyama wala za jezi, maana neno hili likitajwa hapa kwetu kila mtu huwa ameshachagua upande. Nazungumzia rangi ya kuchorea, ile inayopakwa ukutani au kwenye kitambaa, ikakauka, ikakaa. Au isikae. Hapo ndipo penye kisa.

Mwaka 1953 kampuni ya uchapishaji ya Faber and Faber ya London ilitoa kitabu cha picha za ukutani zilizochorwa na wacheza nyoka wa Tanganyika. Mwandishi wake alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, ambaye serikali ya kikoloni ilimwajiri kuchunguza mila na desturi za wenyeji, na ambaye mwaka huohuo alitoa pia kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma. Wacheza nyoka hao ni wale ambao Usukuma nzima inawajua kwa jina la Bayeye, chama cha watu wenye dawa ya sumu ya nyoka, wenye ngoma zao, viapo vyao na siri zao. Ndani ya nyumba zao walichora nyoka, watu na wanyama, na picha hizo zilitumika kuwafundisha wanachama wapya. Hazikuwa mapambo ya sebuleni. Ule ukuta ulikuwa ubao wa darasa.

Leo kitabu kipo katika maktaba za watu. Je, kuta? Ukuta wa udongo usiosiribwa upya hauvuki miaka sabini ya mvua za Usukuma, mchwa na mbuzi wanaojikuna. Wala tusidhani kwamba wazee wale hawakujua kazi, au kwamba rangi ya udongo ni dhaifu. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951, na ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, ina rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, nayo imedumu karne na karne ikiwa juu ya jiwe na chini ya kivuli cha jabali. Kwa hiyo rangi haina lawama. Kilichoziangusha picha za Bayeye ni ukuta wenyewe, pamoja na kile kilichoishikiza rangi kwenye ukuta.

Tena nyumba ya jadi haikujengwa ili ikae kama jabali. Ilijengwa ili ipakwe tena. Kina mama walisiriba kuta kila msimu mvua zilipokwisha, na aliyechora alichora tena juu ya siribo jipya. Kazi ilidumu kwa sababu mikono ilidumu. Ilipokuja nyumba ya tofali la kuchoma na bati, desturi ya kusiriba ikapungua, na ile mikono ikapata shughuli nyingine. Ukuta mmoja uliobaki bila mtu wa kuupaka ulitosha kuzika darasa zima.

Basi swali langu la juma hili ni hili: kijana wa Bariadi wa leo anayetaka kuchora kwa udongo wa kwao, huku akitaka picha yake iwahi kuonwa na wajukuu, afanye nini? Jibu lake nusu liko mikononi mwa bibi yake, na nusu liko katika somo la kemia alilolikimbia kidato cha pili. Lakini kabla hatujafika Bariadi nitawapitisha Nairobi, kwa sababu huko yupo mchoraji wa siku zetu ambaye ameshapita njia hiyo, naye hakuogopa kuunganisha hizo nusu mbili.

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984. Alisomea uchoraji London, kwanza katika chuo cha Slade, kisha katika shule ya Royal Academy aliyomaliza mwaka 2010. Huko alijifunza rangi ya mafuta, jadi ya Ulaya yenye umri wa zaidi ya miaka mia tano. Rangi hiyo kwa kawaida hupakwa juu ya turubai la kitani au la pamba. Armitage alitaka kitu kitakachoifungamanisha picha na Afrika Mashariki tangu chini, kabla hata ya mstari wa kwanza kuchorwa. Alikikuta Nairobi penye soko la vitu vya watalii. Kilikuwa kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, ambacho Waganda hukiita lubugo, kikiuzwa kwa vipande vya kuwekea glasi na sahani.

Lubugo, ndugu zangu, si kitu cha kuwekea glasi. Hutokana na gome la ndani la mti wa mutuba. Gome hilo hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linatandazika na kulainika, kisha huanikwa juani mpaka linageuka rangi ya chungu kilichochomwa. Waganda hulivaa katika shughuli za ufalme, na ndilo wanalozikia wafu wao. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Nao mti hauuawi. Ukishachunwa, kidonda hufungwa kwa majani ya mgomba, na gome jingine huota mahali pa lile la kwanza. Mzee aliyebuni jambo hilo alikuwa mwanasayansi, hata kama hakuvaa koti jeupe.

Sasa mpe mtu kitambaa hicho na umwambie apake mafuta. Mafuta ya kuchorea hutoa asidi kadiri yanavyokauka na kuzeeka, na asidi hiyo hula nyuzi za mimea, iwe ni kitani, pamba au gome. Baada ya miaka kitambaa hukauka na kuvunjika kama ganda la muhindi. Wachoraji wa Ulaya walilijua hilo zamani, na ndiyo sababu turubai hupakwa kwanza gundi au tabaka jingine la kinga ndipo rangi ifuate. Isitoshe, lubugo halina usawa. Lina matundu, lina viraka vilivyoshonwa, pengine ni nene na pengine ni jembamba. Mchoraji mwingine angeyaziba hayo yote. Armitage huyaacha. Tundu hubaki tundu, mshono hukatiza katikati ya picha, naye hupaka rangi tabaka jembamba, huikwangua, huifuta, hupaka tena, hadi picha na kitambaa vinaelewana.

Wapo wanaosema kwamba gome lile ni chambo cha kunasia wanunuzi wa Ulaya. Mimi sikubaliani nao. Armitage alihudhuria mkutano wa kampeni za uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017, akachora mfululizo wa picha kutokana na aliyoyaona. Ukichora umati wa kampeni juu ya kitambaa ambacho jirani yako anazikia wafu, kitambaa kimeshasema neno lake kabla hujafungua mkebe wa rangi. Picha zake zilionyeshwa Venice mwaka 2019 na Royal Academy mwaka 2021, na mwaka 2020 alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa. Lakini mimi kilichonivutia si maonyesho. Ni kwamba alichukua kitu cha wazee bila kukidharau na bila kukiabudu, akakiuliza maswali ya fundi: wewe unashika nini, unakataa nini, utaishi muda gani?

Haya, sasa twendeni Bariadi.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ndiyo makao yake makuu. Mutuba si mti wa kule. Kule ni pamba, ng'ombe, migunga na mbuga nyeusi. Msafiri aliyezoea milima ya kijani atasema hapana kitu. Msafiri huyo hajaulizwa juu ya udongo. Wasukuma wana majina ya udongo kama Wazaramo walivyo na majina ya samaki. Juu ya kilima yapo mawe ya matale, chini yake luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Kisha itogolo, udongo mgumu unaotuamisha maji. Halafu ibushi wenye chokaa ndani yake. Na bondeni kabisa ipo mbuga yenyewe. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, aliueleza ulimwengu kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo, akatumia neno la Kilatini lenye maana hiyo ya mnyororo, katena. Hadi leo wanafunzi wa kilimo husoma mpangilio huu wa Usukuma kama mfano wa kitabuni. Mkulima wa Usukuma alikuwa akitembea juu ya mnyororo huo kila asubuhi na jembe begani.

Mchoraji naye atembee juu yake, ila macho yake yatafute kitu kingine. Nyekundu ya udongo ni kutu. Naam, kutu ileile iliyoko kwenye bati la jikoni, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni ya hewa. Na rangi ya manjano ya udongo ni ndugu ya kutu hiyo, ila yenyewe imebeba maji ndani yake. Chukua udongo wa manjano, uweke juu ya kipande cha chungu, uchome motoni hadi nyuzi joto 300 hivi, maji yatatoka na udongo utageuka mwekundu mbele ya macho yako. Mfinyanzi yeyote anaijua hiyo kwa kuiona. Mkemia anaijua kwa kuieleza. Kwa moto mmoja na udongo mmoja mchoraji anapata rangi za kati zote kuanzia manjano hadi damu ya mzee.

Udongo wa namna hiyo Simiyu upo. Huko Dutwa, wilaya ya Bariadi, makampuni ya utafiti yalipochimba kutafuta nikeli, nikeli hiyo ilikuwa katika udongo uliochakaa juu ya vilima, udongo uliojaa chuma. Lakini hapo sayansi inatoa onyo pia. Udongo wenye madini ya aina hiyo usisagwe mkavu puani, kwa sababu vumbi la nikeli si la kuvuta. Usagwe ukiwa na maji, na mdomo ufungwe kitambaa.

Kuusafisha ni kazi ya jikoni. Unaukoroga kwenye ndoo ya maji, unahesabu kidogo, mchanga unazama kwanza kama mawe yanavyozama unapoosha mchele, unamwaga maji yenye rangi kwenye ndoo nyingine, unayaacha yatulie usiku kucha. Kinachobaki chini asubuhi ni laini kama poda ya mtoto. Ukirudia mara tatu utapata rangi ambayo haitakwaruza brashi. Nyeusi itatoka kwenye mkaa uliosagwa au masizi ya taa. Masizi hukataa maji, huelea juu kama mafuta, kwa hiyo tone la sabuni au la spiriti huyatuliza. Nyeupe ni udongo mweupe au chokaa. Na mbuga nyeusi? Hiyo iacheni ipandwe pamba. Udongo wake hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea na kupasuka; kila aliyeona shamba la mbuga mwezi wa Agosti, na nyufa zinazomeza mguu wa ndama, anajua picha iliyopakwa kwa udongo huo itakuwaje.

Hadi hapo tuna rangi, lakini hatuna cha kuishikiza. Unga mwekundu ukiukoroga na maji matupu ukapaka ukutani, ukikauka utaondoka na shati la mtu wa kwanza kuegemea. Kinachotofautisha picha na vumbi ni gundi. Ukutani, udongo wenyewe hujishikiza kiasi, na kinyesi cha ng'ombe huongeza nyuzinyuzi na utelezi unaoshika. Ni gundi nzuri kwa msimu mmoja. Kwa karatasi ipo gundi ya mgunga, machozi yale yanayoganda kwenye shina la mti, ambayo watengenezaji wa rangi za maji duniani kote huyanunua kutoka Afrika. Huyeyuka katika maji ya uvuguvugu. Ubaya wake ni kwamba huyeyuka tena ikinyeshewa.

Nchi ya ng'ombe, hata hivyo, ina gundi iliyo bora zaidi. Maziwa yana protini inayoitwa kaseini. Wasukuma hutikisa maziwa kwenye kibuyu wakatoa siagi, na yale yanayobaki, ambayo hayana mafuta, ndiyo hasa anayoyataka mchoraji, kwa sababu mafuta hulegeza gundi. Maziwa hayo yakigandishwa, yakachujwa, mabonge yake yakachanganywa na chokaa kidogo iliyozimwa, hugeuka uji mzito unaonata. Ukikauka, maji hayauyeyushi tena kwa urahisi. Maseremala wa zamani waliunganishia mbao kwa gundi hiyo. Ichanganye na ule unga mwekundu, upake ukuta usiovuja, na utakuwa umeipa miaka mingi picha ambayo ingeishi msimu mmoja. Angalizo ni kwamba chokaa huchoma macho, nayo maziwa huoza, kwa hiyo unatengeneza ya kutosha siku moja tu.

Kama mtu hana maziwa, na awaige Waswidi. Huko Falun, Swideni, palikuwa na mgodi wa shaba uliofungwa mwaka 1992, na kutokana na mabaki yake yenye kutu ya chuma hutengenezwa rangi nyekundu ambayo nyumba za mbao za nchi nzima zimepakwa kwa karne kadhaa. Wanaipikaje? Wanachemsha maji, wanatia unga wa ngano au wa rai, wanakoroga uji, wanatia ule udongo mwekundu na chumvi ya madini inayozuia ukungu. Basi. Uji! Watu wenye viwanda vya magari na ndege wanapaka nyumba zao uji, na theluji inaupiga miaka kadhaa kabla haujahitaji kupakwa tena. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka jinsi tulivyofundishwa kuona haya kwa ukuta uliosiribwa.

Sasa nifike kwenye mafuta, ambapo vijana wengi hukwama. Simiyu ni mkoa wa pamba, na mbegu ya pamba ina mafuta. Kijana husikia kwamba Wazungu huchora kwa mafuta ya mbegu, anajiambia, mbegu ninazo. Anachanganya udongo mwekundu na mafuta ya pamba, anapaka, rangi inang'aa vizuri kabisa. Juma la kwanza haijakauka. La pili haijakauka. Mwezi unapita, ukigusa kidole kinarudi chekundu, na vumbi la barabara ya Lamadi limeshaota juu yake manyoya. Kosa liko wapi?

Mafuta ya kuchorea hayakauki kama nguo, kwa maji kuondoka. Hukauka kwa kula hewa. Yanachukua oksijeni, vijisehemu vyake vinashikana mikono, na kile kilichokuwa kimiminika kinakuwa ngozi. Ukiyapima mwanzoni yatazidi uzito, wala hayatapungua. Lakini si mafuta yote yenye mikono ya kushikana. Mafuta ya mbegu za kitani yana asidi inayoitwa linoleniki kwa wingi, kama nusu yake au zaidi, na hiyo ina mikono mingi. Mafuta ya pamba hayana hiyo. Yana ndugu yake mwenye mikono michache zaidi, tena kwa nusu tu. Ni mafuta mazuri ya kukaangia maandazi. Alizeti ni afadhali kidogo, lakini nayo ni mvivu. Kwa hiyo bibi alikuwa na haki kutumia maziwa badala ya mafuta, na kijana akitaka mafuta, hana budi kununua ya kitani. Hakuna aibu. Hata Armitage hakukamua mafuta yake kwenye mti wa mutuba.

Pamba ya Simiyu ina kazi nyingine katika picha, nayo ni kubwa kuliko mafuta. Ni turubai. Kitambaa kizito cha pamba, kile cha maradufu, ndicho kinachochorewa dunia nzima. Pamba yetu nyingi husafirishwa nje ikiwa nyuzi, na mchoraji wa Tanzania hununua turubai lililofumwa nje. Sitaingia katika hasira za viwanda, nilishazungumza mengi juu yake. Nasema tu kwamba fundi akipata kipande cha kitambaa cha pamba kilichokaza, vingine vyote vipo jirani. Gundi ya kukinga nyuzi hutengenezwa kwa kuchemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe kwa moto mdogo. Ukiichanganya gundi hiyo na unga mweupe wa chokaa au jasi unapata tabaka la chini ambalo wachoraji wa Italia walilitumia katika karne zao za fahari. Huko Maswa, wilaya ya mkoa huohuo, vijana walianzisha katika miaka ya 2010 utengenezaji wa chaki za shule. Chaki ya ubaoni na tabaka la chini la picha ya Mtaliano ni watoto wa ukoo mmoja.

Na kwa aliye na ukuta wa saruji, habari ni njema. Saruji mbichi ni kali, huunguza rangi nyingi za dukani zikabambuka kama ngozi ya mgonjwa. Udongo wenye chuma hauogopi ukali huo. Ukipakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, chokaa huvuta hewa ukaa kutoka hewani, inarudi kuwa jiwe, na kulifungia rangi ndani yake. Picha inakuwa sehemu ya ukuta. Lakini mchoraji ana saa chache tu za kufanya hivyo kabla lipu haijakauka, kwa hiyo apige hesabu ya kipande cha siku moja na asidanganywe na ukubwa wa ukuta.

Kuna mtu atauliza, kwa nini tabu yote hii, na duka la rangi liko kona ya pili? Ni swali la haki. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakutafuta udongo. Alichukua rangi ya kung'aa ya baiskeli na ubao wa dari. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora miaka minne tu, na ameacha jina linalojulikana duniani kote. Yeye naye alikuwa fundi wa vitu vyake. Rangi ile hukauka haraka, hung'aa, haihitaji kioo, na mtalii anaweza kuifunga begini siku ya tatu. Ni uamuzi wa mtu anayejua soko na anayejua mkebe. Nami siungi mkono wale wanaoona kila kilichotoka ardhini ni kitakatifu na kila kilichotoka dukani ni uongo. Neno "asili" siku hizi limekuwa kibandiko cha kupandishia bei. Nyoka ni wa asili, na Bayeye walikuwa wa kwanza kutuambia tusimshike ovyo.

Ila mkebe nao una siri yake, na hii naomba wachoraji waisikilize hata kama mengine yote mmeyaacha yapite. Rangi za kung'aa, hasa za manjano, chungwa na nyekundu, kwa miaka mingi zimekuwa zikitiwa risasi ili ziwe kali na zikauke upesi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na figo za mtu mzima, na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanashauri isizidi sehemu 90 katika milioni moja ya rangi iliyokauka. Mchoraji anayenoa ncha ya brashi kwa ulimi, anayepiga msasa ubao wa zamani ndani ya chumba anamolala mtoto, anafanya biashara mbaya kuliko zote. Kutu ya kilimani haina dhambi hiyo.

Niliwahi kununua picha barabarani, simba watatu chini ya mbuyu. Waridi la machweo lilififia likawa la maziwa kabla sijamaliza kodi ya nyumba ile. Simba, waliopakwa kwa rangi ya udongo, wako vilevile hadi leo.

Kwa kijana wa Bariadi ninayemfikiria, basi, kazi ya kwanza haihitaji hata brashi. Chukua sahani mbili. Moja ipake mafuta ya kitani, tabaka jembamba kama jasho, nyingine ya pamba. Ziweke dirishani penye mwanga, andika tarehe nyuma ya kila moja, na usiziguse kwa juma zima wala la pili. Siku ya kuzishusha, ile ya kitani itakuwa imevaa ngozi. Ile ya pamba itakuwa bado inanata, na nzi wawili watatu wameshanasa humo.